Naenda kuwa mtafiti mgeni kwenye maabara ya ubongo na mwendo, nifanyeje nisiishie kuwa mtazamaji?

NevaNaMsuli

Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, nafundisha na pia naona wagonjwa, wengi wao waliopata kiharusi. Nimepata mwaliko wa kwenda nje kama mtafiti mgeni kwenye maabara inayosoma jinsi ubongo unavyoongoza mkono, muda wenyewe haufiki mwaka, barua ninayo tayari na profesa mwenyeji kaniambia nimwandikie kurasa mbili tu za kile ninachotaka kufanya nikifika.

Hizo kurasa mbili ndo zimenikwamisha. Maswali ninayo mengi mno. Kuna wagonjwa wawili wanaingia na udhaifu unaofanana, mmoja vidole vinarudi mwingine mkono unabaki umekunjamana hivyo hivyo, kwa nini? Kuna mwingine mkono umelala kabisa, ukimwambia anyanyue hawezi, halafu akipiga mwayo mkono unanyanyuka wenyewe na mwayo ukiisha unashuka, na ndugu zake wanadhani amepona. Vitu kama hivi navikuta kazini na ndivyo vilinifanya niombe nafasi hii, sasa sijui niandike kipi niache kipi.

Halafu mashine zenyewe nazijua kwa kusoma tu. TMS, ile ya kuamsha ubongo kwa sumaku, sijawahi kuishika, kofia za EEG za kurekodi umeme wa ubongo nimeziona kwenye picha, kamera za kupima mwendo ndo kabisa. Na nimesikia kwa waliotangulia kwamba mgeni anaweza kupewa meza, akahudhuria vikao, akapigwa picha ya pamoja, muda ukaisha hana alichokishika. Naomba anayejua aniambie swali langu liwe na ukubwa gani, nijifunze nini kabla ya kuondoka, na nikirudi sehemu ambayo mashine hizo hazipo kazi yote hii itanifaa nini.

KoiliNane

Hongera sana mkuu, na umeuliza kwa wakati, wengi huuliza wakishafika.

Nilikuwa mtafiti mgeni kwenye maabara ya TMS, kwa hiyo nakueleza nilivyoona. Jambo la kwanza, punguza swali. Halafu lipunguze tena. Miezi uliyopewa sio miezi ya utafiti yote, sehemu kubwa ya mwanzo inaliwa na kibali cha kamati ya maadili, mafunzo ya usalama, kadi za kufungulia milango, akaunti za kompyuta, kujifunza programu yao, na kusubiri zamu yako kwenye mashine maana mashine ni moja na watu ni wengi. Kibali cha maadili ndo kinaua wageni wengi. Muulize mwenyeji wako leo, sio ukifika, kama kuna mradi wenye kibali tayari ambao wanaweza kukuongeza jina lako na kipimo chako kimoja, kwa sababu kurekebisha kibali kilichopo ni rahisi kuliko kuomba kipya. Ukifanikiwa hapo umeshaokoa muda mwingi sana.

Jambo la pili, data kusanya mwenyewe kwa mikono yako hata kama kuna msaidizi wa maabara anayeweza kukufanyia. Ngoja nieleze kikao kinavyokuwa maana kwenye machapisho wanaandika sentensi tatu tu. Mshiriki anakaa kwenye kiti, unasugua ngozi kwa spiriti mpaka mafuta yatoke, unabandika elektrodi juu ya ule msuli mdogo ulio kati ya kidole gumba na cha shahada, unamwambia alegeze mkono uwe kama sio wake. Halafu unashika ile koili ya TMS, yaani waya uliozungushwa ndani ya kifuniko chenye umbo la namba nane, unaiweka upande wa pili wa kichwa, kama unapima mkono wa kulia basi ni upande wa kushoto wa ubongo, mpini ukiwa umeinama nyuzi kama 45 kutoka mstari wa katikati ya kichwa. Unapiga. Inalia ta! kama kitu kimekatika. Hakuna kitu. Unasogeza kidogo mbele, unapiga, hakuna. Unasogeza pembeni kidogo sana, unapiga, na kidole cha shahada kinaruka chenyewe, mwenye kidole anacheka kwa mshangao, na kwenye skrini unaona wimbi limepanda karibu milisekunde 20 baada ya pigo. Huo ndo muda ambao ujumbe umetumia kutoka gamba la ubongo, kushuka uti wa mgongo, mpaka kwenye msuli. Umesoma miaka yote kuhusu ile njia ya neva na sasa unaiona inafanya kazi mbele yako kwa mtu aliye hai na ambaye hajachanwa popote.

Kabla TMS haijakuwepo, watafiti Merton na Morton mwaka 1980 walikuwa wanapitisha umeme moja kwa moja kwenye ngozi ya kichwa na ilifanya kazi ila inauma. Barker na wenzake pale Sheffield mwaka 1985 ndo wakaleta ya sumaku, umeme mkali unapita kwenye koili kwa muda mfupi mno, unazaa uga wa sumaku unaopita kwenye fuvu bila kuumiza, na uga huo ukibadilika ghafla unazaa umeme mdogo ndani ya ubongo. Mpaka leo maabara zinatumia wazo lile lile.

Sasa kitakachokusumbua. Ukipiga sehemu ile ile, kwa nguvu ile ile, mtu yule yule, wimbi la kwanza linatoka kubwa, la pili dogo, la tatu kubwa mara mbili. Hapo mashine ni nzima. Ubongo na uti wa mgongo haviko kwenye hali moja kila sekunde, na mtu akikaza msuli hata kidogo bila kujijua jibu linapanda sana. Ndo maana kizingiti tunakitafuta kwa kuhesabu, ile nguvu ndogo kuliko zote inayotoa wimbi la angalau mikrovolti 50 kwenye mapigo 5 kati ya 10, na ndo maana unapiga mara nyingi unachukua wastani. Mtu ambaye hajakaa kwenye kile kiti cha mpimaji akiona nambari moja kwenye jedwali anaiamini kupita kiasi. Wewe ukikusanya mwenyewe utajua ipi ni ya kuaminiwa na ipi mshiriki alikuwa anasinzia.

Kabla ya kuondoka jifunze kuandika programu, Python au MATLAB kutegemea wao wanatumia nini, uliza. Anayejua kusafisha data na kuchora grafu yake mwenyewe hakai bila kazi hata siku mashine ikiharibika.

Sajo_R

Swali dogo nje kidogo ya mada, hiyo TMS haina madhara? Kupiga sumaku kichwani mbona inatisha.

KoiliNane

Swali zuri na kila mshiriki huuliza hivyo hivyo. Kabla ya kumgusa mtu kuna fomu ya maswali: ana chuma chochote ndani ya kichwa, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, kifaa cha kuongoza moyo, amewahi kupata degedege au kifafa, anatumia dawa gani, ni mjamzito. Jibu lisiloeleweka linamaanisha leo hatufanyi mpaka tujue. Hatari kubwa inayoogopwa ni degedege na ni nadra sana kwa mtu aliyechujwa vizuri na kwa mapigo moja moja kama niliyoeleza. Kinachotokea mara nyingi ni kichwa kuuma kidogo au shingo kuchoka. Na masikio mnaziba wote, mpimaji na mpimwaji, maana ule mlio ni mkali.

Bi_Kiungo

Naomba niingie upande wa fiziotherapia maana mimi pia nimetokea huko nikaenda kwenye maabara ya kupima mwendo kwa kamera.

Dada au kaka, usijidharau kwamba hujagusa mashine. Kule utawakuta vijana wahandisi wenye uwezo mkubwa wa hesabu ambao hawajawahi kumshika mkono mgonjwa wa kiharusi hata siku moja. Wewe una macho. Nakupa mfano. Tulikuwa tunapima wagonjwa wanyooshe mkono kufikia kitu mezani, tunaangalia muda na mkono unavyonyooka kwenye njia yake. Vile vitufe vinavyoakisi mwanga vilibandikwa kidoleni, kwenye kifundo, kiwiko na bega, kamera zinavisoma, kila kitu safi. Mgonjwa mmoja baada ya wiki za mazoezi kompyuta inasema kaboreka vizuri sana, mkono unafika haraka na njia imenyooka. Mimi namuangalia naona kiwiko hakifunguki hata kidogo, anachofanya ni kuinamisha kiwiliwili chote mbele na kukitupa kidogo pembeni, mkono unabebwa na mgongo. Nikaomba tuongeze vitufe viwili, kifuani na kwenye bega la pili. Habari yote ikageuka. Aliyepona ni mtu aliyejifunza kuzunguka udhaifu wake, na hiyo sio sawa na neva za mkono kurudi, ingawa kwake yeye kufikia kikombe ni kufikia kikombe na sio jambo la kudharau.

Hili jambo lina mzizi mrefu. Mtafiti wa mwendo Bernstein kule Moscow kwenye miaka ya 1920 alirekodi wafanyakazi wakipiga patasi kwa nyundo, watu wenye uzoefu mkubwa, akakuta ncha ya nyundo inafika pale pale kila mara lakini bega, kiwiko na kifundo kila pigo vimepita kivyake. Ubongo haurudii mwendo ule ule, unatafuta kila mara njia nyingine ya kufika kwenye lengo lile lile, kwa sababu viungo ni vingi na misuli ni mingi kuliko kazi inavyohitaji. Ukilielewa hilo vizuri nusu ya maswali ya ukarabati wa mgonjwa unayaona upya, kwa sababu mgonjwa naye anatafuta njia, ila njia zake zimepungua.

Kwa hiyo kwenye kurasa zako mbili andika kitu ambacho jicho lako tu ndo limekiona. Huo mwayo kwa mfano ni jambo halisi kabisa na limeandikwa na wataalamu wa neva, linaonyesha kwamba msuli na neva yake ya chini viko hai na vinaweza kuamshwa kwa njia nyingine za shina la ubongo ambazo hazipiti kwenye amri ya hiari. Lakini usiutafitie, mwayo hauji ukiuita.

Na kitu kidogo cha vitendo, jasho. Vitufe vinadondoka mshiriki akianza kutoka jasho, na kitufe kikihama hata kidogo juu ya ngozi pembe ya kiwiko inabadilika kwenye kompyuta wakati kiwiko hakijabadilika. Futa, kausha, bandika, halafu chora mduara kwa kalamu kuzunguka kila kitufe ili kikidondoka ujue kinarudi wapi.

NevaNaMsuli

Asanteni sana, mmenifungua macho. Bi Kiungo hilo la kiwiliwili naliona kila siku na wala sikudhani ni swali la utafiti, nilidhani ni kitu kila mtu anakijua.

KoiliNane, nikija kwenye swali la wagonjwa wawili, mmoja vidole vinarudi mwingine havirudi, hilo bado ni kubwa mno?

KoiliNane

Kama lilivyo ni kubwa, ndio. Ila habari njema ni kwamba wengine wamelikata vipande tayari na unaweza kuingia kwenye kipande kimoja. Msome mtafiti wa kiharusi Cathy Stinear na kundi lake la Auckland, New Zealand. Wametengeneza utaratibu wa kutabiri mkono utakavyokuwa baadaye, na hatua yake ya kwanza haihitaji mashine yoyote. Ndani ya siku 3 baada ya kiharusi unapima nguvu ya kunyanyua bega kwenda pembeni na nguvu ya kunyoosha vidole, kila moja kwa kipimo kile kile cha 0 mpaka 5 unachotumia kila siku, unajumlisha unapata alama kati ya 10. Akipata 5 au zaidi TMS huhitaji, dalili ni nzuri na umri ndo unaongezwa kwenye hesabu. Akiwa chini ya 5 hapo ndo TMS inaingia, ukipiga ubongo upande ulioumia na msuli wa mkono ukajibu maana yake njia ya kutoka juu kwenda chini bado ipo hata kama mgonjwa mwenyewe hawezi kusogeza kidole, na huyo ana nafasi nzuri. Asipojibu ndo unaangalia ukali wa kiharusi chenyewe.

Sasa fikiria wagonjwa wako wawili kwa mtazamo huo. Kwa macho wamefanana. Ukipiga TMS huenda mmoja anajibu na mwingine hajibu. Tofauti ilikuwepo tangu mwanzo na hakuna aliyeiona.

Lugano_EEG

Mimi nilikuwa upande wa EEG, kurekodi umeme wa ubongo kabla mtu hajasogeza kidole. Kornhuber na Deecke walionyesha mwaka 1965 kwamba umeme wa ubongo unaanza kupanda polepole zaidi ya sekunde moja kabla ya mtu kujisogeza kwa hiari yake. Ni kazi nzuri sana kurudia kama mazoezi ya mgeni, maana inakufundisha kila kitu: kuweka kofia, kuondoa kelele, kupanga data kulingana na muda msuli ulipoanza.

Ila nataka kusema jambo ambalo watafiti wageni wanaweza kulisaidia kuliko wenyeji. Nywele. Mawimbi ya EEG ni mikrovolti chache, elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa, na kofia nyingi zimetengenezwa zikifikiria nywele laini zinazosukumwa pembeni kirahisi. Mshiriki mwenye nywele nene za kipilipili au aliyesuka anakuja, wanahangaika na jeli, upinzani wa umeme hausomi chini, mwishoni anaambiwa asante na data yake inaachwa. Hakuna aliyemkataa waziwazi lakini hayumo kwenye utafiti. Ukijumlisha maabara nyingi unakuta tunazungumzia ubongo wa binadamu kwa vichwa vya baadhi ya binadamu. Arnelle Etienne akiwa Carnegie Mellon na wenzake walitengeneza vishikizo vya elektrodi vinavyokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa kulala kichwani, mistari ikipangwa ifuate sehemu ambazo elektrodi zinatakiwa kuwa. Nywele zile zile zilizoonekana kikwazo zikawa ndo zinashikilia elektrodi.

Kule nilikokuwa nilipendekeza mshiriki aambiwe mapema kuhusu nywele, kwa heshima, apewe chaguo la mtindo na muda wa kutosha siku ya kipimo, na hilo likaingia kwenye maelezo wanayotumiwa washiriki wote. Mgeni anaona vitu ambavyo waliozoea wameacha kuviona. Sema. Ukisema kwa adabu na ukiwa na suluhisho mkononi watu wanasikiliza.

MwalimuTopi

Nimesoma yote, natofautiana kidogo na KoiliNane. Ushauri wa kushika mashine ni mzuri lakini kama kule anakorudi TMS haipo basi asiweke miezi yote kwenye kidole cha kufyatulia koili. Ajifunze namna ya kuuliza, hiyo haihitaji ushuru wala fundi.

Mfano ninaoupenda. Mwaka 1994 Shadmehr na Mussa-Ivaldi waliwapa watu mkono wa roboti washike, wakawaambia wafikie vitu kwenye skrini huku roboti ikiwasukuma pembeni. Mwanzoni njia ya mkono inapinda, wakizoea inanyooka. Halafu wakaondoa ule msukumo bila kuwaambia. Mkono ukapinda upande wa pili! Maana yake ubongo ulikuwa umetengeneza ndani yake mfano wa ule msukumo na unaujibu kabla haujatokea. Sasa roboti huna, sawa, lakini kuna jaribio la ukoo ule ule unaloweza kufanya kwa kompyuta ya kawaida na maus: mshale kwenye skrini unaugeuza nyuzi 30 kutoka upande mkono unakoenda, mtu anakosea, anazoea, unaondoa, anakosea upande wa pili. Kosa hilo la mwisho ndo kipimo chako cha alichojifunza. Wagonjwa walioumia ubongo mdogo, ule wa nyuma chini, kujizoesha kwa namna hii kunawashinda au kunakuwa hafifu, na unaliona hilo kwenye grafu bila kumpiga mtu sumaku. Programu yake unaweza kuiandika mwenyewe ukiwa kule, wenyeji wakaikagua, ukarudi nayo kwenye laptop.

KoiliNane

MwalimuTopi hapo tuko pamoja zaidi ya unavyodhani. Nilichomaanisha ni kwamba asiwe mgeni wa kuletewa faili. Mashine yoyote ashike, hata kama ni ya kupima umeme wa msuli peke yake, ambayo hata hivyo ni ndogo na inabebeka, na aliyeisoma vizuri ana kazi ya maisha nzima.

NevaNaMsuli

Basi naona linaanza kukaa sawa. Nafikiria kuandika hivi: wagonjwa wa kiharusi wanaofikia kitu mezani, nitenganishe kinachofanywa na kiwiliwili na kinachofanywa na kiwiko, na kwa wale ambao maabara inawapima TMS kwenye mradi wao uliopo niangalie kama anayejibu TMS anaacha kuegemea kiwiliwili mapema kuliko asiyejibu. Vipimo vya kamera navifanya mwenyewe, TMS nakuwa msaidizi kwanza. Nikirudi, sehemu ya kiwiliwili naweza kuiendeleza kwa video ya kawaida. Kuna tatizo mnaloliona?

Bi_Kiungo

Hiyo imekaa vizuri sana. Tatizo moja, namna wanavyokaa na mgongo. Baadhi wataegemea mbele kwa sababu kiti kiko mbali, sio kwa sababu ya udhaifu. Pima urefu wa mkono wa kila mtu na uweke kitu ndani ya umbali ambao mkono wake mzima unaufikia mgongo ukiwa umegusa kiti. Na mpime upande usioumia pia, ndo kipimo chake yeye cha kulinganishia.

Lugano_EEG

Na la data. Kabla ya kupanda ndege liwepo kwa maandishi, hata kama ni barua pepe tu: nani anamiliki data, nakala ipi unaondoka nayo, majina ya washiriki yanaondolewaje, jina lako linakaa wapi kwenye chapisho, na chapisho likichelewa mpaka umeshaondoka nani anaendelea kulishika. Kuna watu wazuri kabisa ambao wanasahau tu, mgeni akishaondoka mradi mpya unaingia mezani. Uliza pia kama kibali cha maadili kinaruhusu data itoke nje ya taasisi, kwa sababu kama fomu ya ridhaa haikusema hivyo, profesa hata akitaka kukupa hawezi, na fomu ikishasainiwa na washiriki kuibadilisha inakuwa kazi nyingine kabisa. Hiyo sentensi iingie kwenye fomu kabla mshiriki wa kwanza hajakaa kwenye kiti.

NevaNaMsuli

Nimeelewa. Leo usiku namwandikia profesa, kwanza namuuliza la kibali na fomu ya ridhaa, halafu ndo namtumia kurasa mbili. MwalimuTopi nitakutafuta kwa ajili ya ile programu ya mshale.